Pikipiki haiwaki asubuhi za baridi kali: tatizo ni betri, kabureta au injini?

*"Fundi, habari za kazi. Nina pikipiki ya cc 250, silinda moja, ya kabureta, ina stata na kiki. Miezi ya joto ilikuwa inawaka kwa kugusa tu. Tangu baridi ianze, usiku hufika nyuzi 8 chini ya sifuri, nayo hulala nje chini ya turubai. Asubuhi stata inazunguka kwa uvivu, injini haishiki, na mara nyingine hukohoa pale tu ninapoachia kitufe. Ikiwaka, nikirudisha choki inazima. Nimeshauriwa mengi: kwamba petroli imeganda, kwamba nivute mpini wa mafuta mara kadhaa kabla ya kuwasha, kwamba niweke oili nzito ya 20W-50 ili ilinde injini, na kwamba niiwashe kila jioni kwa dakika tano betri isife. Hilo la mwisho nalifanya kila siku, lakini hali inazidi kuwa mbaya. Je, ninunue betri mpya, nifungue kabureta, au injini ndiyo imechoka?"*

Ndugu yangu, asante kwa kueleza dalili moja baada ya nyingine, maana hizo ndizo zitakazokuepusha kununua kitu usichokihitaji. Kwa maelezo yako sioni injini iliyochoka. Naona matatizo mawili tofauti yaliyokutana asubuhi moja: betri isiyo na nguvu ya kutosha, na kabureta inayotoa mafuta kidogo mno kwenye mzunguko wa chini. Huenda yote mawili yalikuwapo tangu miezi ya joto, ila injini yenye joto huvumilia mengi na hukuyaona. Na lile zoezi la dakika tano kila jioni, nakuambia wazi, ndilo linaloimaliza betri yako. Liache kuanzia leo.

Nianze na petroli, kwa kuwa hapo ndipo ulipopewa ushauri mbovu kuliko wote. Petroli haigandi kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri, wala kwenye nyuzi 30. Kinachoweza kuganda ni maji yaliyojikusanya chini ya tangi au chini ya bakuli la kabureta, na punje ndogo ya barafu inatosha kuziba njia. Lakini hilo ungelitambua haraka: mafuta yasingefika kabisa, injini isingekohoa hata mara moja, na plagi ungeitoa ikiwa kavu.

Shida halisi ya petroli kwenye baridi ni kwamba haitaki kugeuka mvuke. Injini haichomi petroli ya majimaji, inachoma mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa imepata moto, mchanganyiko ulio karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli unaungua bila taabu. Asubuhi ya baridi kabureta inaweza kutoa kiasi kilekile, lakini sehemu kubwa yake inagota kwenye kuta baridi za njia ya kuingilia na kubaki pale ikiwa majimaji, kama nguo iliyoanikwa siku isiyo na jua. Kinachoifikia plagi ni mvuke hafifu usioshika moto. Choki iliwekwa kwa ajili hiyo: inaongeza petroli kupita kiasi cha kawaida ili ile sehemu ndogo inayogeuka mvuke itoshe kuwaka.

Kuna jambo jingine kuhusu petroli ambalo watu wengi hawalijui. Katika nchi zenye majira ya baridi, kampuni za mafuta hubadilisha mchanganyiko kufuata msimu. Petroli ya miezi ya baridi huwa na sehemu nyingi zaidi nyepesi, zile zinazoruka haraka, na ya miezi ya joto huwa nazo chache. Kwa hiyo kama tangi lako bado lina petroli uliyoijaza joto likiwapo, una mafuta mazito kuwaka kwa msimu huu. Isitoshe, petroli iliyokaa kwenye bakuli la kabureta wiki kadhaa hupoteza sehemu zake nyepesi kwanza, na sehemu hizohizo ndizo zinazoshika cheche ya kwanza. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli, mwaga ile ya zamani kwenye chombo cha kioo, uitazame. Ukiona matone yanayotuama chini na kujitenga, hayo ni maji. Kisha fungua koki ya petroli, bakuli lijae mafuta mapya. Kwa pikipiki iliyolala siku nyingi, hilo peke yake mara nyingi hubadilisha asubuhi nzima.

Sasa kuhusu kuvuta mpini wa mafuta kabla ya kuwasha. Inategemea kabureta. Baadhi zina pampu ndogo inayorusha petroli kila unapovuta mpini, na kwa hizo kuvuta mara moja au mbili kunasaidia kweli. Kabureta nyingi za pikipiki hazina pampu hiyo, na injini ikiwa imezima kuvuta mpini hakumwagi hata tone. Kujua ni rahisi: toa chujio la hewa, mulika ndani ya mdomo wa kabureta kwa tochi, vuta mpini. Ukiona mchirizi wa petroli ukiruka, una pampu. Usipouona, acha mkono wako utulie.

Ninasisitiza kutulia kwa sababu kabureta nyingi zenye choki ya kuvuta kwa wenzo au kitufe hazifungi kibamba cha hewa. Zinafungua kinjia cha pembeni kinachofyonza petroli ya ziada kutoka kwenye bakuli, na kinafyonza kwa nguvu ya mvuto unaojengeka nyuma ya mlango wa kabureta ukiwa umefungwa. Ukiufungua mlango huo kwa kuvuta mpini, mvuto unaanguka na choki haifanyi kazi tena. Mtu anavuta choki yote, anavuta na mafuta, halafu anashangaa injini haishiki, kumbe mkono wa kulia umeifuta kazi ya choki. Kama yako ni ya kibamba cha hewa, ya aina ya zamani, inaweza kupenda mpini uliofunguliwa kidogo sana, unene wa karatasi. Kitabu cha pikipiki yako kitakuambia.

Tuje kwenye betri, ambako ndiko ninakotaka uanzie kazi. Umeandika jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote: injini hukohoa pale tu unapoachia kitufe. Hiyo ni dalili ya wazi ya betri dhaifu. Katika pikipiki nyingi, umeme unaozungusha stata na umeme unaotengeneza cheche vinatoka kwenye betri moja. Unapobonyeza kitufe, stata inanyakua makumi ya ampea, volti zinaanguka, na mfumo wa cheche unabaki na umeme usiotosha. Ukiachia kidole, stata inaacha kula, volti zinapanda ghafla, injini bado ina mzunguko mmoja wa mwisho, na cheche nzuri ya kwanza inaruka wakati huo. Ndicho kile kikohozi.

Betri ya asidi na risasi hutoa umeme kwa kemia, na kemia hupungua kasi kwenye baridi. Kwenye nyuzi sifuri betri nzima hupoteza karibu moja ya tano ya uwezo wake, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na karibu nusu. Wakati huohuo injini inadai nguvu zaidi kuzungushwa, kwa kuwa oili imekuwa nzito. Mahitaji yanapanda huku uwezo ukishuka. Betri iliyojaa na yenye afya huvuka hapo. Iliyojaa nusu haivuki, hata kama haina ubovu wowote.

Na hapa ndipo dakika zako tano zinapoingia. Tuseme kila jioni unahangaika na stata kwa jumla ya sekunde 20, nayo inavuta ampea 60. Kurudisha umeme huo kwa ziada ya nusu ampea kunahitaji dakika 40. Pikipiki ya silinda moja inayounguruma bila kwenda, taa ikiwa inawaka, mara nyingi haina hata hiyo nusu ampea ya kuipa betri, na betri yenye baridi hupokea chaji kwa shida. Kwa hiyo kila jioni unatoa zaidi ya unachorudisha, na asubuhi betri inaamka ikiwa chini kidogo kuliko jana. Injini nayo inaumia kimyakimya. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji yakiwa mvuke. Injini iliyopata moto hasa huutoa mvuke huo nje. Injini ya dakika tano huuacha ugeuke maji ndani ya ekzosti na ndani ya oili. Fungua kifuniko cha oili utazame upande wake wa ndani: ukikuta utando wa rangi ya maziwa, umeyaona matokeo ya zoezi hilo. Ama uiwashe uende nayo nusu saa au zaidi mpaka injini iive, ama usiiwashe kabisa.

Badala yake fanya hivi. Toa betri, iingize ndani kwenye joto la kawaida, iache saa kadhaa. Itazame kwanza, kwa sababu betri iliyokwisha chaji kabisa inaweza kuganda kati ya nyuzi 7 na 10 chini ya sifuri, na hizo ndizo baridi zako. Betri iliyojaa haigandi hata kwenye baridi kali kuliko hiyo. Ukiona ganda limevimba au lina ufa, usiichaji, usijaribu kuiwashia pikipiki, ipeleke inakopokelewa betri chakavu. Ikiwa nzima, ichaji taratibu kwa chaja ya pikipiki, kwa kasi ya karibu sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani betri ya ampea-saa 8 kwa ampea 0.8 hivi. Ikishajaa, iache usiku mmoja bila kuigusa, kisha pima. Volti 12.7 au zaidi ni nzuri. 12.4 imepungua. 12.0 imekwisha. Ikishindwa kukaa juu ya 12.4 baada ya chaji kamili na usiku wa mapumziko, imezeeka, na hapo nunua mpya bila kusita.

Kipimo kinachosema ukweli zaidi ni cha wakati wa kuwasha. Irudishe betri mahali pake, weka ncha za mita kwenye vichwa vyake, bonyeza stata huku ukiitazama namba. Ikianguka chini ya volti 9.5 hivi, betri haiwezi mzigo. Ikibaki juu, kwenye 11 au karibu, na bado stata ni mvivu, betri haina kosa na umeme unapotelea njiani. Kuutafuta si kazi ngumu. Ncha nyeusi iweke kwenye kichwa hasi cha betri, nyekundu iguse chuma kitupu cha injini, kisha bonyeza stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya wa ardhi, ule unaounganisha kichwa hasi cha betri na chuma cha injini, una kutu au umelegea. Fungua pande zake zote mbili, sugua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu. Waya huo ni wa bei ndogo kuliko vitu vyote kwenye pikipiki, na nimeona betri nyingi nzima zikitupwa kwa sababu yake.

Mwisho kwenye umeme: injini ikiwaka na kupata moto, pima tena vichwani mwa betri kwenye mzunguko wa kati. Unatafuta kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya 13.5, chaji haiji vizuri, na betri mpya itakufa kama hii.

Kuhusu oili, aliyekushauri 20W-50 alikusudia mema, lakini kwa baridi yako anakupeleka kinyume. Namba ya kwanza inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo oili inavyotiririka upesi. Ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa na moto. Oili za 20W hupimwa uwezo wa kuzungushwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, za 10W kwenye 25, za 5W kwenye 30. Kwa hiyo kwenye nyuzi 8 oili ya 20W-50 haijawa jiwe, injini itazunguka, ila kwa uzito, na itachelewa kufika juu kwenye vali, mahali panapoihitaji mapema. Kitabu chako kikiruhusu 10W-40, weka hiyo. Kikiruhusu 5W-40, ni bora zaidi kwa asubuhi. Hakikisha chupa ina alama ya JASO MA au MA2, kwa sababu klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze.

Sasa namna ya kuwasha asubuhi, betri ikiwa imejaa na petroli ikiwa mpya. Fungua koki dakika moja kabla. Swichi ikiwa bado imezimwa, choki ikiwa imevutwa yote, piga kiki taratibu mara tatu au nne. Kiki hizo hazikusudiwi kuwasha. Zinavuta petroli ndani ya silinda na kuivunja oili iliyoshikana. Kisha washa swichi, hakikisha gia iko huru, na hata hivyo shika klachi, kwa sababu hata gia ikiwa huru stata inazungusha mhimili wa gia ulio ndani ya oili nzito, na ukishika klachi unaipunguzia mzigo huo. Mpini wa mafuta uache kabisa. Bonyeza stata sekunde tano, usizidi kumi, kisha pumzisha nusu dakika. Mapumziko hayo yana faida mbili: stata inapoa, na betri inarudisha volti. Kwa kuwa una kiki, ningependa uitumie asubuhi za baridi zaidi, maana umeme wote unabaki kwa ajili ya cheche.

Ikishika, usiipigie resi. Oili bado haijafika juu. Iache izunguke kwa choki mpaka isikike imetulia, dakika moja au mbili zinatosha, kisha irudishe choki nusu na uondoke polepole bila kuivuta sana. Injini hupata moto haraka ikifanya kazi nyepesi kuliko ikisimama. Ukikaa na choki robo saa, petroli iliyozidi inaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kufanya plagi iwe nyeusi, na kesho yake utakuwa na shida mpya.

Ikikataa baada ya majaribio kadhaa na ukasikia harufu kali ya petroli, injini imefurika petroli. Rudisha choki, fungua mpini wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki mara kadhaa hewa iingie. Ikigoma bado, toa plagi, ikaushe au weka mpya. Plagi iliyolowa kwenye baridi hii haitajikausha yenyewe, na kuendelea kubonyeza stata ni kuimaliza betri bure. Uwe na plagi moja mpya ya akiba yenye mwanya uliopimwa kama kitabu kinavyosema.

Bado hatujagusa dalili yako ya pili, ya kuzima ukirudisha choki. Kwa dakika ya kwanza ni kawaida. Lakini kama hata baada ya dakika tano au kumi za kutembea bado inataka choki, na labda unasikia milio ya kupasuka kwenye ekzosti unapoachia mafuta, basi choki inafidia kitu kinachokosekana, na kinachokosekana mara nyingi kinapita kwenye jeti ndogo, ile inayolisha injini kwenye mzunguko wa chini. Ukiishika mkononi utaelewa kwa nini inaziba: ni kijiti kidogo cha shaba, na tundu lake lina upana usiofika hata nusu milimita. Petroli ikikauka ndani yake huacha utando wa kahawia unaonata. Ilenge kwenye mwanga: ukiona nukta ya duara kamili, ni safi. Ukiona nukta iliyopinda, iliyofifia, au giza, umempata mwizi. Ioshe kwa dawa ya kabureta na upulize kwa hewa. Usitumie waya wa chuma, unapanua tundu na kuiharibu milele. Miezi ya joto tundu lililoziba theluthi moja halikukusumbua, kwa kuwa karibu petroli yote iliyopita iligeuka mvuke. Sasa kila tone linahitajika.

Ukishamaliza betri na kabureta na bado inagoma, nenda kwenye tapeti, sehemu zinazorekebisha nafasi ya vali. Ningependa watu wazifikirie mapema kuliko wanavyofanya. Kwa matumizi ya muda mrefu nafasi ya vali huweza kupungua, vali ikawa haikai sawasawa kwenye kiti chake, na mgandamizo ukavuja. Stata ikizunguka haraka, uvujaji mdogo hauonekani. Ikizunguka polepole kama yako, hewa inapata muda wa kutoroka kabla ya cheche. Nafasi hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, na kwa injini ndogo nyingi huwa kati ya milimita 0.05 na 0.15. Fuata namba za kitabu chako, usifuate za jirani.

Kuna njia za mkato ambazo nakuomba uziache. Usimwage maji ya moto juu ya kabureta au injini: chuma kinaweza kupata ufa, na maji hayo yataganda kwenye kebo na swichi. Usiwashe moto wala jiko chini ya pikipiki, mvuke wa petroli unaruka hata kwenye baridi hii. Dawa za kupuliza za kuwashia injini zinawasha kweli, lakini zinaosha oili kwenye silinda na zinaweza kulipuka mapema, na mtu akizizoea hatafuti tena ubovu ulipo. Ukitaka kupasha, funga chupa ya mpira ya maji ya moto kwenye kabureta kwa kitambaa dakika kumi. Na usiwashe kamwe injini ndani ya chumba au banda lililofungwa, hata kwa dakika mbili. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hukulegeza kabla hujajua unahitaji kutoka.

Kusukuma ni halali kwa pikipiki ya kabureta. Tumia gia ya pili, si ya kwanza, maana ya kwanza itafunga gurudumu, na kwenye barafu usijaribu kabisa. Ukiazima umeme wa gari, liwe la volti 12 na injini yake ibaki imezimwa.

Turubai ni zuri, lakini ujue linafanya nini. Pikipiki haihisi ukali wa upepo kama ngozi yetu. Upepo unaifikisha kwenye baridi ya hewa haraka zaidi, ila hauwezi kuishusha chini ya hapo. Turubai basi linazuia unyevu na theluji, haliongezi joto, na kufikia alfajiri injini itakuwa na baridi ileile. Kinacholeta tofauti ni kulala na betri ndani ya nyumba. Kama kuitoa ni kazi ya boliti mbili tu, fanya hivyo kila usiku wa baridi kali.

Kwa wasomaji wengine wenye pikipiki za injekta: hakuna choki ya kuvuta, sensa ya joto ndiyo inayoamua. Washa swichi, subiri pampu imalize mlio wake, kisha bonyeza stata bila kugusa mpini. Pikipiki hizo zinategemea betri kuliko za kabureta, maana volti zikianguka sana pampu na kompyuta havifanyi kazi, na hata kusukuma hakusaidii. Wenye betri za lithiamu, washeni taa kubwa dakika moja au mbili kabla ya stata, betri ijipashe kwa umeme wake, na msiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika ndani bila kuonyesha.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usinunue betri leo. Ichaji, ipime, safisha waya wa ardhi, badilisha petroli na oili, kisha fungua kabureta. Muone fundi ana kwa ana ikiwa stata inatoa mlio wa kukwaruza, ikiwa chaji haifiki 13.5, ikiwa utando wa maziwa umejaa kwenye oili yenyewe na si kwenye kifuniko tu, ikiwa petroli inavuja kutoka kwenye kabureta, au ikiwa kiki imekuwa nyepesi kuliko ulivyoizoea, ishara kwamba mgandamizo umeshuka. Tapeti pia mpe yeye kama hujawahi kuzipima. Andika namba zote ulizopima, betri ikiwa imepumzika, wakati wa kubonyeza stata, na injini ikiwa inaunguruma, umpelekee pamoja na pikipiki. Na iache ilale kwake usiku mmoja nje, aiwashe yeye mwenyewe asubuhi, kwa sababu ukiifikisha ikiwa na moto itawaka mara moja na hataona chochote.